Agricola, Germania au Dialogus: uanze na kitabu kipi cha Tacitus kwa Kilatini?

Msomaji aliyekwisha kumaliza sarufi ya Kilatini, akapitia sehemu za Caesar na hotuba moja au mbili za Cicero, kwa kawaida hufikia hatua ya kutamani kazi nzima anayoweza kuianza na kuimaliza mwenyewe, badala ya vipande vilivyochaguliwa na mtunzi wa kitabu cha kiada. Cornelius Tacitus, ambaye historia zake kubwa, Annales na Historiae, ni ndefu na ngumu mno kwa hatua hiyo, aliacha vitabu vitatu vidogo vinavyoifaa. Agricola, chenye sura 46, ni wasifu wa baba mkwe wake aliyekuwa gavana wa Britania. Germania, chenye sura 46 vilevile, kinaeleza nchi na makabila yaliyoishi ng'ambo ya mito ya Rhine na Danube. Dialogus de Oratoribus, chenye sura 42, ni mazungumzo kuhusu balagha na sababu za kufifia kwake. Vyote vitatu huingia katika juzuu moja nyembamba, na sura nyingi hazifiki ukurasa mmoja.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa wasomaji wengi ningependekeza Agricola, kwa sharti kwamba kisisomwe kwa kufuata mpangilio wa kurasa. Germania kinamfaa zaidi anayetaka kuzoea sentensi fupi kabla ya kukabiliana na simulizi, au anayevutiwa na mila na desturi. Dialogus kimfuate aliyemsoma Cicero hadi akaizoea pumzi yake ndefu. Hakuna kati yavyo kilicho rahisi, lakini ugumu wao si wa namna moja, na mtu akiujua mapema huo ugumu uko wapi anaweza kuepuka kukata tamaa katika wiki ya kwanza.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima mambo machache yafahamike kuhusu mwandishi na wakati wake, kwa sababu vitabu hivi havieleweki nje ya wakati huo. Tacitus alizaliwa yapata mwaka 56 baada ya Kristo, akamwoa binti wa Gnaeus Julius Agricola mwaka 77 au 78, na akapanda vyeo vya Roma hatua kwa hatua, akawa praetor, yaani hakimu wa ngazi ya juu, mwaka 88 chini ya kaisari Domitian, mtawala ambaye baadaye alikuja kumchora kuwa dhalimu. Domitian aliuawa mwezi Septemba mwaka 96. Mwaka uliofuata Tacitus alikuwa konsuli, na mwaka 98 akatoa Agricola na Germania. Kwa hiyo anayeandika kuhusu ukimya wa watu chini ya udhalimu ni mtu aliyekaa ndani ya seneti ileile iliyonyamaza, na ambaye cheo chake kilikua katika miaka hiyo hiyo. Jambo hilo hakulificha, na ndilo linaloipa Agricola makali yake.

Jambo la pili ni kwamba vitabu hivi vilikaribia kupotea. Nakala tulizo nazo leo zinatokana na mswada mmoja wa karne ya 9, uliokuwa katika monasteri ya Hersfeld huko Ujerumani na kufika Italia katikati ya karne ya 15. Mwaka 1902, katika maktaba ya familia moja ya kikabaila mjini Iesi, Italia, ziligunduliwa kurasa za Agricola zinazoaminika kuwa za mswada wenyewe wa kale. Msomaji wa Kilatini atahisi athari ya historia hiyo moja kwa moja, maana mahali ambapo mnakili mmoja alikosea hakuna shahidi mwingine wa kumsahihisha, na ndiyo sababu wahariri hutofautiana kuhusu baadhi ya maneno.

Agricola: wasifu, vita na ukimya

Kitabu hiki kina mambo matatu ndani yake, na kila moja lina Kilatini cha namna yake. Dibaji (sura ya 1 hadi ya 3) na hitimisho (sura ya 39 hadi ya 46) ni maombolezo na tafakuri ya kisiasa yenye sentensi zilizojengwa kwa uangalifu mkubwa. Katikati kuna maelezo ya nchi ya Britania na watu wake, kisha simulizi la miaka saba ya ugavana. Kilele chake ni vita vya Mons Graupius mwaka 83 au 84, vikitanguliwa na hotuba mbili zinazopingana: ya Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia, watu wa kaskazini ya Britania, na ya Agricola mwenyewe.

Anayeanza na dibaji hujiwekea kikwazo bila sababu. Sura ya 1 ina mantiki iliyobanwa sana kuhusu uhusiano wa sifa njema na nyakati mbaya, na matini yake imezua ubishi miongoni mwa wahariri. Ushauri wangu ni kuanza sura ya 4, ambapo Tacitus anasimulia kwa utulivu kuzaliwa kwa Agricola huko Forum Iulii, kusini mwa Ufaransa ya leo, baba yake aliyeuawa na kaisari Caligula kwa kukataa kumshtaki mtu asiye na hatia, mama yake mwangalifu, na masomo yake Massilia (Marseille ya leo). Endelea hadi sura ya 9, ruka jiografia na historia ya Britania kwa muda, kisha ushike simulizi kuanzia sura ya 18 hadi vita viishe sura ya 38. Baada ya hapo soma mwisho, na dibaji uiache hadi utakapokuwa umeshamzoea anayezungumza.

Njiani utakutana na sura ambazo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo mengi ili kuzielewa. Sura ya 19 inaeleza hila za watoza nafaka: wenyeji walilazimishwa kukaa wakingoja mbele ya maghala yaliyofungwa na kununua nafaka hata wasipoihitaji, au waliamriwa kupeleka mzigo wao mbali sana ilhali kulikuwa na kambi ya jeshi karibu nao, hadi jambo lililopaswa kuwa jepesi kwa wote likageuka chumo la wachache. Sura ya 21 inakwenda mbali zaidi. Agricola anawahimiza Wabritania kujenga mahekalu, masoko na nyumba, anawasomesha watoto wa machifu elimu ya Kirumi, na muda si muda wale waliokuwa wakiikataa lugha ya Kilatini wanatamani ufasaha wake, wanavaa toga, wanazoea mabafu na karamu. Kisha Tacitus anaifunga sura kwa maneno haya: *idque apud imperitos humanitas vocabatur, cum pars servitutis esset*, yaani, wasiojua waliuita huo ustaarabu, ilhali ulikuwa sehemu ya utumwa wao. Anayeikumbuka shule ya Tabora, ambayo utawala wa Waingereza uliianzisha kwa ajili ya watoto wa machifu, ataona kwamba mbinu hii ina umri mkubwa, na pia ataona kwamba Tacitus hamlaumu Agricola kwa kuitumia. Anamsifu. Sifa na hukumu vimo katika sura moja, na mwandishi hatuambii kipi kati ya hivyo viwili kina uzito zaidi.

Hotuba ya Calgacus, sura ya 30 hadi ya 32, ndiyo sehemu mashuhuri kuliko zote, na sentensi yake moja inatosha kuonyesha Kilatini cha Tacitus kinavyofanya kazi: *auferre trucidare rapere falsis nominibus imperium, atque ubi solitudinem faciunt, pacem appellant*. Kupora, kuchinja, kunyakua, wanakuita kwa majina ya uongo utawala. Na pale wanapofanya jangwa, wanapaita amani. Angalia kwamba kitenzi *appellant* kinakuja mwishoni kabisa na kinabeba nusu zote mbili za sentensi, na kwamba vitenzi vitatu vya mwanzo vinasimama kama majina, bila kiunganishi chochote kati yao. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu vitenzi vyetu vya ku- hufanya kazi zote mbili, ya kitenzi na ya jina, kwa hiyo muundo huo hautamshangaza.

Bahati hiyo inaendelea katika sura ya 37, pale mapigano yanapofika uwanja wa wazi: *sequi, vulnerare, capere, atque eosdem oblatis aliis trucidare*. Kufukuza, kujeruhi, kuteka, na hao hao kuwachinja mara wanapotokea wengine. Hakuna mtenda, hakuna wakati wa kitenzi, kuna matendo matupu yanayofuatana, kama msimulizi wetu anavyosema "huku kupiga, kule kuanguka". Sarufi za Kilatini hulipa jambo hili jina lake na kulifafanua kwa kurasa kadhaa. Kwa sikio la Kiswahili linaingia lenyewe. Baada ya hapo Tacitus anatoa hesabu ya waliokufa, watu wapatao 10,000 kwa upande wa Wakaledonia na 360 kwa upande wa Warumi, na siku inayofuata, katika sura ya 38, anaandika: *vastum ubique silentium, secreti colles, fumantia procul tecta*. Ukimya mkubwa kila mahali, vilima vimehamwa, mapaa yanafuka moshi kwa mbali. Hiyo ndiyo *solitudo* aliyoitaja Calgacus kabla ya vita, na sasa imetokea mbele ya macho ya washindi, bila Tacitus kusema neno lolote la kuunganisha sehemu hizo mbili. Uhusiano huo anauona yule tu aliyesoma sura hizo mfululizo, na kwa sababu hiyo sipendi vitabu vya kiada vinavyoikata hotuba ya Calgacus na kuitoa peke yake.

Hitimisho lina huzuni ya kweli. Agricola alifariki tarehe 23 Agosti mwaka 93, na kulikuwa na uvumi wa sumu ambao Tacitus anautaja akisema kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuthibitisha lolote. Yeye na mkewe walikuwa mbali kikazi, kwa hiyo, kama anavyosema, walimpoteza miaka minne kabla ya kifo chake. Katika sura ya 42 kuna kauli ambayo kitabu kizima kinaitegemea, kwamba hata chini ya watawala wabaya panaweza kuwapo watu wakubwa, na kwamba utii na kiasi, vikiambatana na bidii ya kazi, vinastahili sifa sawa na ile ya waliotafuta utukufu kwa kifo cha kujionyesha kisicholifaa taifa. Ni kauli nzito, na si lazima msomaji aikubali. Mimi naona kwamba Tacitus anajitetea yeye mwenyewe pamoja na mkwewe, na kwamba anapokiri katika sura ya 45 kwamba mikono ya maseneta ndiyo iliyompeleka Helvidius, seneta mwenzao, gerezani, utetezi huo unavunjika kidogo mbele ya macho yetu.

Germania: sentensi fupi na hatari yake

Kwa lugha, Germania kina faida mbili. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwa wakati uliopo, kwa kuwa inaeleza desturi, na kila sura katika nusu ya kwanza inashika jambo moja: silaha, ndoa, malezi, ugeni, kamari, mazishi. Ukikwama sura ya 15, sura ya 16 bado iko wazi kwako. Sentensi nyingi ni fupi na zimekatwa kwa mizani: *reges ex nobilitate, duces ex virtute sumunt*, wafalme huwachagua kwa nasaba, majemadari kwa ushujaa. Mtu anaweza kuisoma sura moja kwa siku na kuikariri bila kujichosha, na kukariri ni mazoezi yasiyo na mbadala kwa anayejifunza lugha hii bila mwalimu.

Kuna faida ya tatu, nayo ni ya wasomaji wa kwetu hasa. Mambo mengi ambayo Tacitus anayaandika kwa mshangao, kwa sababu Roma haikuyajua au ilikwisha kuyaacha, hayamshangazi Mswahili wala Mwafrika Mashariki yeyote. Sura ya 18: *dotem non uxor marito, sed uxori maritus offert*. Mali ya ndoa haitolewi na mke kumpa mume; ni mume anayempa mke. Mrumi alizoea kinyume chake, kwa hiyo Tacitus anasimama kueleza, na kuorodhesha ng'ombe, farasi mwenye hatamu na ngao pamoja na mkuki na upanga. Kwa msomaji anayejua mahari, maana ya sentensi inafika kabla hajamaliza kuchambua sarufi yake, ndipo anapobaki na nafasi ya kutazama ufundi: *uxor marito, uxori maritus*, maneno mawili yanayorudi kwa mpangilio mwingine, na miisho yake peke yake ndiyo inayoonyesha nani anatoa na nani anapokea. Sura ya 20 inasema kwamba watoto wa dada wana heshima kwa mjomba wao sawa na waliyo nayo kwa baba yao. Sura ya 21 inaeleza kwamba hata kosa la kuua hulipwa kwa idadi maalumu ya mifugo, na ukoo mzima hupokea fidia hiyo. Sura ya 11 inasema kwamba hawahesabu siku bali usiku, kwa kuwa usiku huutangulia mchana; watu wa pwani yetu, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia baada ya Alhamisi kuchwa, hawahitaji tanbihi ya mhariri.

Hata hivyo, wepesi huu una mipaka. Kuanzia sura ya 28 kitabu kinageuka kuwa orodha ya makabila, na majina ya Chatti, Chauci, Cherusci, Suebi, Semnones na wengine wengi yanafuatana kwa kasi inayomchosha msomaji asiye na ramani mbele yake. Kuna sehemu nzuri humo, kama vile sura ya 45 kuhusu watu wa Aestii wanaookota kaharabu ufukweni bila kujua thamani yake, na sura ya 46 kuhusu umaskini wa Fenni wanaolala chini na kujificha katika vibanda vya matawi, wakijiona wenye heri kuliko wanaougua kwa kazi za mashamba. Lakini anayetafuta mazoezi ya lugha anaweza kuishia sura ya 27 na asipoteze mengi. Hilo huwezi kulisema kuhusu Agricola, ambacho kila sehemu yake inaitegemea nyingine.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya kimaadili, na sitaki kuipita haraka. Hakuna ushahidi kwamba Tacitus aliwahi kufika nchi anayoieleza. Alitegemea vitabu vya waliomtangulia, na anayemtaja kwa jina ni Julius Caesar peke yake. Makabila yake wakati mwingine ni kioo cha kuwaaibisha Warumi: katika sura ya 19 anasema kwamba huko kufisidi na kufisidiwa hakuitwi "mambo ya kisasa", na kwamba maadili mema yana nguvu kule kuliko sheria njema kwingineko. Wasomaji wa bara ambalo limeelezwa kwa karne nyingi na maafisa na wasafiri, wengine wakiandika bila kuondoka mezani kwao, wana macho makali ya kuisoma namna hii ya uandishi, na Germania kinastahili kusomwa kwa macho hayo. Baadaye kitabu kilitumiwa vibaya. Sentensi ya sura ya 4, inayowaita watu hao *tantum sui similem gentem*, taifa lisilofanana na jingine ila lenyewe, ilichukuliwa na wazalendo wa Kijerumani na hatimaye na Wanazi kuwa ushahidi wa usafi wa damu, hadi mwaka 1943 kikosi cha SS, askari wa chama cha Wanazi, kilitumwa kuitafuta ile nakala ya Iesi, ambayo ilikuwa na Germania pia, katika nyumba ya wenyewe, na hakikuipata. Sentensi yenyewe ilikuwa dhana ya kawaida ya wanajiografia wa kale, waliowahi kusema karibu maneno hayo hayo kuhusu Wamisri na Waskithi. Anayechagua Germania asome pia maelezo ya mhariri kuhusu sura hiyo, wala asiyaruke.

Dialogus: kwa aliyemzoea Cicero

Dialogus kimetofautiana na viwili hivi kiasi kwamba kuanzia karne ya 16 walikuwapo wanazuoni waliokana kuwa ni cha Tacitus. Sentensi zake ni ndefu, zimejaa, zinazunguka na kurudi kwa utaratibu wa Cicero. Leo wengi wanakubali kwamba ni chake, na kwamba mwandishi alichagua mtindo unaolingana na mada yake. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba Dialogus kina Kilatini cha kawaida kuliko Agricola: viunganishi vipo, vitenzi vipo, kila kishazi kinajulikana mahali pake. Ugumu wake ni urefu, pamoja na wingi wa majina ya wasemaji wa kale, Calvus, Asinius Pollio, Corvinus na wengine, ambao msomaji asiyejua karne ya mwisho ya jamhuri ya Roma atawaona kama vivuli.

Mandhari yake inavutia. Ni miaka ya katikati ya 70, chini ya kaisari Vespasian. Curiatius Maternus, wakili mashuhuri anayeacha mahakama ili aandike tamthilia, jana yake amesoma hadharani mchezo wake juu ya Cato, mpinzani mashuhuri wa Julius Caesar, na mji mzima unasema kwamba wenye nguvu wameudhika. Rafiki zake Marcus Aper na Julius Secundus wanafika kumshauri apunguze makali, wanamkuta ameshika kitabu chenyewe mkononi, naye anajibu kwamba aliyoyaacha Cato, Thyestes, mhusika wa tamthilia yake inayofuata, atayasema katika usomaji ujao. Kutoka hapo mazungumzo yanapanuka: Aper anautetea uwakili dhidi ya ushairi, kisha anawatetea wasemaji wa siku zake dhidi ya wa kale, akitumia hesabu kwamba tangu kifo cha Cicero ni miaka 120 tu, umri wa mtu mmoja, Vipstanus Messalla anailaumu elimu na malezi, na Maternus mwishoni anasema kwamba balagha kubwa haistawi penye amani. *Magna eloquentia, sicut flamma, materia alitur et motibus excitatur et urendo clarescit*: ufasaha mkubwa, kama mwali, hulishwa kwa kuni, huamshwa kwa mtikisiko, na hung'aa kwa kuunguza.

Sura za 28 na 29, Messalla anapolalamika kwamba zamani mtoto alilelewa mapajani mwa mama yake na sasa anakabidhiwa kwa kijakazi fulani wa Kigiriki, zinasomeka kwa urahisi na zinaweza kujaribiwa peke yake na mtu anayetaka kupima kama yuko tayari kwa kitabu kizima. Akiona kwamba anaipata maana ya kila sentensi kwa kuisoma mara mbili, aendelee. Akiona kwamba anaipoteza njiani kabla ya kufika mwisho wa sentensi, arudi kwa Cicero kwa miezi michache bila kujilaumu. Ajue pia kwamba baada ya sura ya 35 kuna pengo, sehemu ya kitabu imepotea, na hotuba ya Maternus inaanza katikati. Toleo zuri litalionyesha pengo hilo wazi. Matini nyingi za bure mtandaoni huliashiria kwa alama ndogo ambayo ni rahisi kuipita.

Vifaa, na nani achague nini

Kwa upande wa vitabu vya kusaidia, Agricola na Dialogus vina hali nzuri kuliko Germania. Agricola kina ufafanuzi mkubwa wa Ogilvie na Richmond wa mwaka 1967 na mwingine wa Woodman na Kraus wa mwaka 2014, ambao unamjali zaidi mwenye kusoma lugha. Dialogus kina toleo la Mayer la mwaka 2001, lenye maelezo ya sarufi yanayotosha. Kwa Germania, ufafanuzi kamili wa Anderson juu ya matini ya Kilatini ni wa mwaka 1938, na ingawa bado unafaa, umepitwa na akiolojia ya miongo mingi. Asiye na uwezo wa kununua ufafanuzi anaweza kupata Kilatini cha vitabu vyote vitatu bila malipo katika maktaba ya kidijitali ya Perseus, ambako kila neno linaweza kubofywa na kuonyesha asili na umbo lake. Juzuu ya Loeb, mfululizo wa vitabu vya kale vyenye tafsiri, yenye Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, inabeba vyote vitatu pamoja, lakini ningeshauri ukurasa wa Kiingereza ufunikwe hadi sura iwe imekwisha kusomwa.

Wapo miongoni mwetu waliojifunza Kilatini seminarini, na hali yao ni ya pekee. Wana msamiati mpana na masikio yaliyozoea, lakini Kilatini cha Biblia ya Jerome na cha liturujia kina mpangilio wa maneno ulio karibu na usemi wa kawaida, na wakikutana na Tacitus wanashangaa kuona vitenzi vimeachwa, hasa *est* na *sunt*, na *-ere* ikisimama mahali pa *-erunt*. Kwao Germania, nusu ya kwanza, ni daraja linalofaa, kisha Agricola. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma historia ya dola na ukoloni aende moja kwa moja kwa Agricola, sura ya 18 hadi ya 38, hata kama itamchukua muhula mzima. Mwanasheria au mwalimu wa fasihi mwenye Kilatini imara atapata katika Dialogus mjadala kuhusu elimu, mahakama na uhuru wa kusema ambao haujazeeka, na atanufaika zaidi akiisoma sura ya 36 hadi ya 41 bega kwa bega na sura ya 2 na ya 3 za Agricola, maana katika moja Maternus anasema kwamba ukimya wa mahakama ni bei ya amani, na katika nyingine Tacitus anakumbuka vitabu vya Arulenus Rusticus na Herennius Senecio, waandishi waliouawa chini ya Domitian, vilivyochomwa moto hadharani, na miaka 15 ambayo watu waliipitisha kimya, vijana wakawa wazee, na wazee wakafika karibu na ukomo wa uhai wao.